Mstari wa Sabini na Mbili

Mwanamke asiyejua kusoma hata jina lake mwenyewe alicheza ndani ya biblioteki yetu, maktaba ya mtaa wa Katoyi, Jumatatu, siku ya kwanza ya juma, saa nne asubuhi, watu wote wakimtazama.

Kaye ya wageni, lile daftari la majina, ameikumbatia kifuani. Kandambili kaziacha mlangoni. Kitenge kinataka kumdondoka na wala hajali.

"Munisomee tena!" anapiga kelele. "Mustari wa sabini na mbili! Munisomee tena!"

Na Muzee Baharanyi, mtunza biblioteki, mtu ambaye ukikohoa tu anakutazama kama umeua, siku hiyo hakumwambia anyamaze.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na termosi yangu ya chai. Wengine walikuwa wanacheka na kulia kwa pamoja. Mimi niliweka termosi chini.

Acheni niwaeleze kutoka mwanzo, maana humu kwenye simu watu wanahukumu kabla chai haijapoa. Mkifika mwisho, nihukumuni. Sitajitetea.

Naitwa Nshobole. Asili yangu ni upande wa Bukavu, lakini Goma ndiyo imenilea. Shule niliacha mwaka wa nne wa primeri. Pale getini kwa biblioteki nilikuwa nauza chai na mandazi.

Kitabu kizima sijawahi kukimaliza. Ila biblioteki sikuikosa miaka minne.

Mimi napenda watu, jamani. Mahali penye watu watano, wa sita ni mimi. Nani ameposwa, nani kafukuzwa na mume, nani anadanganya kwamba anafanya kazi kumbe anakaa tu mbele ya ziwa anatupa mawe: yote yalipita kwenye termosi yangu kwanza.

Biblioteki yenyewe ilikuwa nyumba ya mbao juu ya mawe meusi, vyumba viwili, rafu saba, mabenchi. Shirika moja lilikuwa linailipia. Na watu walikuja kutafuta nini? Tusidanganyane. Si wote walikuja kusoma.

Munyaneza, mlinzi wa nyumba za wakubwa kule Himbi, alikuja kila asubuhi akitoka zamu. Anafungua kitabu cha jiografia, anakiweka mbele yake, analala ameketi. Kwake kuna watoto tisa.

Donatille alikuja kwa ajili ya atlasi. Anafungua ukurasa wa Kanada, anapima kwa kidole kutoka Goma mpaka kwa dada yake, anaifunga, anarudi sokoni. Kila siku! Kama vile siku moja atakuta pamesogea.

Lakini wengi walikuja saa tatu kamili. Saa tatu ilikuwa saa ya kaye.

Iko hivi. Kila anayeingia anaandika jina lake na kwao ni wapi. Vita ilipoanza kutapika watu kutoka kila upande, mama mmoja alifungua kaye kwa bahati akakuta jina la shemeji yake ambaye alishamlilia. Tangu siku hiyo Muzee Baharanyi akaweka desturi. Asubuhi, kabla kimya hakijaanza, anasimama, anavaa miwani, anasoma kwa sauti majina yote ya siku ya kazi iliyotangulia.

Jina na kwao. Pole pole, kama padri anayetaja marehemu wa mwezi.

Watu walitembea kutoka Keshero kuja kusikiliza. Kwa miaka mitatu ile kaye ilikutanisha watu sita. Sita tu. Lakini ukiwa unatafuta wa saba, sita si wachache.

Mama Kaswera alikuwa anatafuta wa saba.

Mnande, wa Mangina, kule upande wa Beni. Alikimbia na mwanawe Kambere Adalbert, wakaachana njiani risasi zilipoanza. Miaka mitatu, hakuna sauti, hakuna simu, hakuna mtu aliyemwona.

Sasa, kwa Wanande Kambere ni jina la mtoto wa kiume wa pili. Familia karibu zote zina Kambere wao. Kwa hiyo Muzee akisoma "Kambere...", benchi zima linabana pumzi, mama Kaswera anainua kichwa.

"...Désiré, Butembo."

Anainamisha kichwa. "Haiko yeye," anasema, kwa upole kabisa, kama anayemtuliza Muzee.

Kisha anakuja kwenye termosi yangu, nampa kikombe, ananihadithia. Jamani, yule kijana nilimjua kuliko ndugu zangu! Najua alipenda maharage ya jana. Najua alikuwa wa mkono wa kushoto, na mwalimu alimchapa aache, akachapa, akachapa, mpaka mwalimu ndiye akaacha.

"Alikua anaandika kama kuku anakwaruza," mama Kaswera anacheka. "Lakini anaandika!"

Mwezi wa nane mwaka jana alikuja amevaa kitenge cheusi.

"Nshobole, nimechoka. Thérèse anasema nirudi."

Thérèse ni binti yake, yuko Butembo. Ana nyumba, ana wajukuu ambao bibi hajawahi kuwashika. Amempata mama mmoja mfanyabiashara anayepitia Uganda, watasafiri pamoja.

"Na Kambere?" nikamuuliza.

"Nimemuombea misa ya wafu. Siku ya Mungu ya pili kutoka sasa. Nitamulilia muzuri, watu balie na mimi, kisha niende. Miaka tatu, Nshobole. Ata Mungu ataelewa."

Nilimshika mkono. Niliumia, na nilishukuru. Maana niliona uso wake umelegea, kama mtu aliyetua mzigo barabarani na sasa ananyoosha shingo.

Mkumbuke huo uso.

Siku nne baadaye Muzee Baharanyi alitutangazia kwamba shirika linatuma mtu. "Atawauliza mnathamini nini hapa. Mjibu vizuri," akasema. Muzee alikuwa mtu wa maneno ya kupimwa.

Kujibu vizuri! Aliniambia mimi?

Ijumaa, siku ya tano ya juma, asubuhi nilikuwa nimeshazunguka avenyu tatu. Niliwatoa watu jikoni, nikawatoa kwenye foleni ya maji. Mpaka saa tano biblioteki ilijaa kama kanisa siku ya Pasaka. Nyumba imejaa, kelele, watoto mgongoni, mimi katikati: nilikuwa na raha, siwafichi.

Nikawakusanya getini.

"Musikie. Ule papa, ule bwana wa shirika, akikuuliza unapenda nini hapa, usiseme unapenda kitu! Mutu anayesema iko muzuri, banapita, banaenda kwa jirani."

Wakaitikia wote. Hilo halihitaji maelezo Goma. Tangu volkeno, tangu makambi, sisi tumesoma shule moja: akija mtu na karatasi ya maswali, unaonyesha mkono mtupu. Ukionyesha hata kiazi kimoja, jina lako linarukwa kwenye orodha ya msaada.

"Na mimi niseme nini?" Munyaneza akauliza. "Mimi nalalaka hapa."

"Sema ata usingizi hapa haukukamate."

"Itakua bongo, uongo mutupu."

"Basi baki na ukweli yako, sisi tupate shitingi, turubai ya kuezeka!"

Watu wakacheka mpaka Muzee akachungulia dirishani.

Yule mtu wa shirika aliitwa Fortunat. Jile safi, kizibao cha shirika, tableti mkononi, kijana mpole tu, sitamsema vibaya. Akasema atawauliza watu, halafu ataangalia kaye ili ajue biblioteki inapata wageni wangapi kwa siku.

Nikakimbilia kaye. Sitini na mmoja.

Sitini na mmoja? Na wale walioshindwa kuja? Na dada yangu? Nikavuta kiti, nikaanza kuwaongeza. Dada yangu na mumewe. Jirani yangu Mukamugema, ambaye tulimzika mwaka juzi, Mungu anisamehe. Mwandiko ukaanza kufanana, nikabadilisha kalamu. Ukafanana tena, nikahamia mkono wa kushoto. Kwao nikaweka kule kaskazini kulikowaka moto, maana waliokimbia huwa wanapewa kwanza. Fortunat alikuwa anakuja upande wangu, majina yakaja yenyewe. Nikafunga kaye. Kumi na mmoja nilikuwa nimewaongeza.

Kisha nikaenda kusikiliza majibu, kama kawaida yangu.

"Unathamini nini katika biblioteki hii?"

"Hakuna."

"Unathamini nini?"

"Hakuna kitu, papa. Tunateseka tu."

Donatille, na kidole chake cha Kanada: "Hakuna." Munyaneza, macho mekundu kwa usingizi aliotoka kulala papo hapo: "Hakuna."

Ikafika zamu ya mama Kaswera.

"Mama, unathamini kitu gani hapa?"

"Kaye."

Fortunat akainua macho. "Unataka kusema vitabu?"

"Hapana, papa. Kaye. Banatajaka majina. Jina yake haikutoka ata siku moja, lakini saa bananisomea, niko mutu mwenye anatafutiwa mutoto wake. Hiyo njo..."

Niliona shitingi zinaruka juu ya paa zetu zinaenda kwa jirani.

Nikaingia kati. "Papa, huyu mama kichwa imechoka. Anasema hakuna kitu. Muandikie shitingi na godoro."

Fortunat akatazama tableti. Akakuna shingo. "Kwa kweli, kaye haiko kati ya majibu."

"Na 'hakuna' iko?"

"Iko."

"Basi!"

Akabonyeza.

Mama Kaswera alinitazama. Hakukasirika. Alinitazama tu, kama mtu aliyeona unakanyaga kitu chake ukiwa hujui.

Jumatatu iliyofuata, saa tatu, Muzee aliposoma majina ya siku ya tano, mimi sikuwepo. Nilikuwa matangani Keshero, na matanga mimi siondoki kabla ya chai. Nilifika biblioteki saa nne, na hapo ndipo niliposikia vigelegele, ndipo nilipomkuta anacheza.

Donatille akanirukia. "Nshobole! Umekosa! Muzee amesoma: Kambere Adalbert, Mangina! Aliingia hapa siku ya tano, katikati ya ile fujo yote, na mama yake yuko humu humu ndani!"

Mama Kaswera akanivuta. Akafungua kaye, akaweka kidole mahali walipomwonyesha.

"Angalia, Nshobole. Weye unajua kusoma. Muzee mwenyewe amesema: hii mwandiko ni ya mutu wa mukono wa kushoto. Mukono wa kushoto! Njo yeye, ndiye mwenyewe!"

Nikaangalia.

Mstari wa sabini na mbili. Wa mwisho kwenye ukurasa. K imelala chali, A mbili zimepinda kama kuku amekwaruza.

Nilikuwa nimebadilisha mkono, mkono wa kushoto ukaenda wenyewe kwa mtu wa mkono wa kushoto niliyekuwa nahadithiwa kila asubuhi. Niliandika nikiangalia Fortunat anakuja. Sikujua hata niliandika nini.

"Njo yeye?" akaniuliza, anacheka, machozi yanafika kidevuni.

Watu wote walikuwa wananitazama. Mimi, bingwa wa maneno.

"Njo yeye, mama," nikasema.

Mchana ule ule alienda parokia kufuta misa. "Padri ameniuliza mara mbili," alinihadithia. "Nikamuambia: futa, mutoto iko muzima, nitamuliliaje?" Kitenge cheusi alikivua. Yule mama mfanyabiashara akaondoka bila yeye.

Na kesho yake akaniletea mkungu mdogo wa ndizi.

"Hii ni yako. Weye njo ulikusanya watu siku ile. Bila weye, Kambere hangeingia."

Niliupokea. Niambieni ningefanya nini! Niliufunika kwa gunia mpaka ukaozea pale.

Kila siku nilisema, kesho nitamwambia. Kila asubuhi alikaa benchi la mbele, shingo ndefu, anasubiri Kambere arudi kuazima kitabu. Na kila asubuhi nilipata sababu. Leo anakohoa. Leo kuna watu wengi. Leo amefurahi mno.

Wiki ya tano barua ikaja.

Muzee Baharanyi aliisoma saa ya kaye, amesimama, na miwani, kwa sauti ile ile. Shirika lilikuwa na biblioteki mbili na uwezo wa kubaki na moja. Kwa hiyo liliuliza wageni wa pande zote mbili. Wa kwetu walioulizwa ni sitini na mmoja, na wote, neno ni moja: hakuna. Vitabu vitahamia ile ya Himbi, ambako wageni wamesema wanathamini ukimya, viti na mwanga wa madirisha.

"Wote?" Munyaneza akauliza. "Ata mimi?"

"Ata weye."

"Lakini mimi nilisema tu!"

Muzee akakunja barua. "Nao waliandika tu."

Hakuna aliyenigeukia kunitukana. Ningependa wangenitukana. Walichukua vitu vyao wakatoka mmoja mmoja, na Donatille alirudi kutoka mlangoni, akafungua Kanada mara ya mwisho, akapima.

Gari lilichukua vitabu asubuhi moja tu. Kaye hawakuitaka, haikuwemo kwenye orodha yao ya mali. Muzee alikuwa ameshafunga mizigo arudi Bukavu. Aliniita, akaniwekea mikononi.

"Shika kaye yako, Nshobole."

Yako. Halafu akatazama mkono wangu wa kushoto, muda mrefu, akavua miwani, akaenda.

Mtu aliyesoma miandiko yetu kila asubuhi miaka mitatu! Sijui alijua lini. Nadhani hata yeye alitafuta asubuhi ya kumwambia mama Kaswera akaikosa.

Geti lilifungwa kwa mnyororo. Mimi nilibaki nje na chai yangu, bila wateja, maana nani atakuja kunywa chai mbele ya nyumba tupu? Ila mteja mmoja alikuja.

"Aliandika hapa," mama Kaswera alisema. "Atarudi hapa. Akikuta pamefungwa na mimi siko, atajuaje niko muzima?"

Akakaa juu ya jiwe jeusi kando ya geti. Mvua za mwezi wa kumi zikamkuta hapo. Kikohozi kikashuka kifuani. Thérèse alikuwa ananipigia simu kutoka Butembo, analia: "Tantine, mama mudogo, mumuambie mama akuye. Mutoto wangu wa tatu amezaliwa, anamungoja yeye ampatie jina."

Basi asubuhi moja nilizima moto, nikapiga magoti kwenye matope mbele yake.

"Mama Kaswera. Mustari wa sabini na mbili, niliandika mimi."

Akanitazama. Akacheka kidogo, kikohozi kikamkata.

"Thérèse njo amekutuma."

"Hapana, mama. Nilikuwa naongeza majina tupate vitu. Niliandika na mukono wa kushoto. Jina ya Kambere ilikuwa kichwani, kwa sababu weye ulikuwa unaniambia kila siku. Hakuingia. Hajaingia ata siku moja. Nisamehe."

"Nshobole." Akaniwekea mkono begani, yeye akinituliza mimi. "Weye ulisema mbele ya ule papa kaye haina faida. Nilikusikia. Ilikuwa bongo, ni vile ulitaka kusaidia watu. Leo tena unataka kunisaidia nirudi Butembo. Maneno yako inatokaka mdomoni. Hii ya Kambere imeandikwa."

Nikatoa kalamu. Nikachana karatasi, nikaiweka juu ya goti, nikashika kalamu kwa kushoto. Nikaandika polepole, K imelala chali, A zimepinda. Kambere Adalbert, Mangina. Nikafungua kaye, nikaweka karatasi sambamba na ule mstari.

"Angalia, mama. Angalia! Mukono ni moja."

Akainama. Akaweka kidole kwenye kaye.

"Hii inasema nini?"

"Kambere Adalbert."

Akahamisha kidole kwenye karatasi yangu.

"Na hii?"

Hapo ndipo nilipoelewa nimefanya nini. Mbele yake haikuwa miandiko miwili ya kulinganisha. Hajui kusoma. Mbele yake lilikuwa jina.

"Kambere Adalbert," nikasema.

Uso ukamfunguka kama asubuhi ile alipocheza. Akachukua karatasi, akaikunja ndogo, akaifunga kwenye pindo la kitenge.

"Basi sasa iko mbili," akasema.

Hiyo ni miezi mitatu iliyopita. Bado yuko juu ya jiwe, na kikohozi sasa kina damu. Asubuhi, saa tatu, ananiletea kaye, maana sasa anaitunza yeye, nimsomee. Nasimama. Nasoma pole pole, jina na kwao, kuanzia mstari wa kwanza, na kufika wa mwisho anainua kichwa. Kukataa nilijaribu siku moja tu. Alinisubiri mpaka jioni bila kunywa kitu.

Mnataka funzo, najua, bila funzo mtasema simulizi haijaisha. Langu ni hili: siku utakapoulizwa kitu gani kinakufaa, kitaje kwa jina lake, hata kama hakimo kati ya majibu yao. Hata kama ni kaye ya shule yenye jalada limechanika.

Sisi tulisema hakuna.

Walitusadiki.